Dalia Nilizoziosha kwa Klorini

Nilifungua ndoo ya kwanza mwezi wa Januari, Jumapili baada ya ibada, nikiwa bado na nguo za kanisani. Kifuniko kilikuwa kimebana kama nilivyokibana mwenyewe mwezi wa Oktoba, kwa kiganja kwanza na kisha kwa goti. Kilipoachia, ulitoka upepo mdogo wa uvuguvugu, na harufu yake ilinikaa mdomoni kabla haijafika puani. Nimesafisha vyoo vya hoteli kule Bloomington, Marekani, kwa miaka. Nimeokota vitu walivyoacha wageni ambavyo sitavitaja hapa. Kabla ya hapo niliishi kambini Tanzania miaka tisa, karibu na mashimo ya choo yaliyofurika kila masika. Lakini harufu ya viazi vya maua vilivyooza ndani ya maji yao wenyewe sikuwa nimekutana nayo. Ilikuwa na utamu kidogo. Kama ingekuwa kali tu ningeivumilia. Ule utamu ndio ulionishinda.

Ndani ya ndoo mlikuwa na uji wa rangi ya kahawia, ngozi zikielea, na juu yake kuvu jeupe lenye manyoya kama mgongo wa kifaranga. Nilikunja mkono wa blauzi nikaingiza vidole nitafute kigumu. Nilichokishika kilipasuka kama jipu. Ute ulinitiririka hadi kwenye kiwiko.

Viazi vile havikuwa vyangu. Vilikuwa vya mwenye nyumba wetu, mjane aliyepita miaka themanini, na nilikuwa nimempa neno langu.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, upande wa Saint Paul, ya mbao, na rangi yake ilikuwa ikibambuka. Yeye alikaa chini, sisi tulikaa juu: mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, na mdogo wetu wa mwisho, msichana, ambaye miaka hiyo alikuwa bado sekondari. Besimenti, chumba cha chini ya ardhi, ilikuwa ya wote. Baba tulimpoteza Kongo kwenye vita, mama alitutoka kambini kwa homa, na mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Shule niliiacha darasa la sita. Hakuna aliyenikataza kwenda. Kulikuwa na watu wawili wa kulisha, basi asubuhi moja sikwenda, na kesho yake pia sikwenda. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutunza vya kukabidhiwa. Wadogo zangu niliwafikisha Marekani wakiwa na meno yao yote na vyeti vyao vya kuzaliwa vikiwa vikavu ndani ya nailoni. Sijawahi kupoteza kitu nilichopewa nishike. Nilikuwa na kiburi kuhusu hilo, na nadhani yule mama alikiona, ndiyo maana alinichagua.

Yeye alipanda dalia. Mtu asiyezijua nitamweleza: ni ua linalotoka kwenye mashina ya viazi vilivyoshikana shingoni kama vidole vya mtu aliyevimba. Kwetu, milimani, ua kama hilo lingepandwa mara moja na kusahauliwa. Minnesota haliwezi kulala nje. Ardhi huganda kwenda chini kuliko urefu wa mtoto aliyesimama, na kiazi chochote kilichobaki humo hugeuka maji. Kwa hiyo kila mwaka, jalidi ya kwanza ikishaunguza majani, wanaopenda dalia huzichimba, huzipeleka chini ya nyumba, huzilaza miezi saba gizani, kisha mwishoni mwa Mei huzirudisha shambani. Yule mama alikuwa amefanya hivyo zaidi ya miaka arobaini.

Mara ya kwanza kumwona akifanya kazi hiyo nilichukizwa, sitaficha. Tulikuwa na miezi michache tu Marekani. Nilimwona kikongwe amepiga magoti kwenye matope ya baridi, makamasi yakimtoka, anachimba viazi vizuri, vinene, kisha haviweki jikoni. Nilitoka kwenye nchi ambako ukichimba kiazi, kuna mtu anangoja sahani. Nilimwambia mdogo wangu wa kiume, "Watu hawa wameshiba mpaka wameanza kulea viazi." Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Lakini katika zile dalia zake kulikuwa na moja. Nyingine zilikuwa za kawaida: za waridi, za njano, nyeupe zenye michirizi kama pipi. Hiyo moja ilikuwa nyekundu iliyokaribia weusi, pana kama uso wa mtoto, na mama yake mzazi ndiye aliyemwachia. Hakuna duka lililokuwa nayo, alisema, na jina alilolijua ni lile la nyumbani kwao tu. Alikuwa na mashina kumi na moja ya nyekundu hiyo. Hayo mengine hakuyajali sana.

Mwaka wetu wa nne nyonga yake ilikufa. Alipangiwa upasuaji Oktoba, na baada yake kwenda kwenye nyumba ya kulelea wazee Coon Rapids, karibu na hospitali, mpaka atembee tena. Jalidi ilianguka wiki moja kabla. Alikaa barazani kwenye kiti cha magurudumu, blanketi hadi kidevuni, akiniamrisha nikichimba.

"Mbona unakishika kama kichanga?" alinipigia kelele. "Kitikise! Ni kiazi, si mjukuu wangu."

"Kina wadudu, mama."

"Kila kitu kina wadudu. Hata mimi nina wadudu. Tikisa."

Majani ya dalia yaliyopigwa na jalidi ni kitu cha kuchukiza. Jana yake yalikuwa mabichi, leo ni meusi, yananing'inia na yanateleza kama mchicha uliosahauliwa sufuriani siku tatu. Nilikuwa nakata mashina, na kutoka ndani, maana mashina yale ni matupu kama mabomba, maji yenye harufu ya bwawa yalinimwagikia miguuni. Chini ya viazi nilikuta minyoo ya rangi ya waridi, na konokono wasio na gamba wamekaa pamoja kama familia. Kila shina nililolitoa nililipeleka kwake, naye aliandika alama kwenye ngozi ya kiazi kwa kalamu ya risasi ya zambarau aliyokuwa akiilowesha kwa ulimi. Niliuona ulimi wake umekuwa wa zambarau na una udongo. Nilitazama pembeni.

Akanipa maagizo. Tikisa udongo, mwingine uache ushike. Ziache zikauke siku mbili. Zipange kwenye kreti ndani ya maranda ya mbao. Usizifunike. Zitazame kila mwezi, inayolainika itoe.

Nilimwelewa. Nasema hivi kwa sababu baadaye wamama wa kanisani walinitetea kwamba ilikuwa ni shida ya lugha. Haikuwa lugha. Kila neno lilifika.

"Mwezi wa tano nitarudi," alisema, "tutazipanda pamoja. Nishikie."

"Nitakushikia, mama," nikasema.

Kisha binti yake alikuja na gari akamchukua, nami nikabaki na zile kreti zimejaa udongo, minyoo na mizizi yenye nywele, zimewekwa hatua tano kutoka mahali tunapofulia nguo zetu.

Sikuweza. Hilo ndilo jibu lote. Miaka tisa nilikuwa nimelala juu ya udongo, nimepika juu ya udongo, nimemwogesha mama yangu maiti juu ya udongo, na nilipoingia kwenye nyumba yenye sakafu nilijiapia kwamba udongo utaishia mlangoni. Wadogo zangu walivua viatu kwenye ngazi. Hotelini msimamizi alikuwa akiwapeleka wafanyakazi wapya kutazama bafu nilizosafisha mimi. Basi jioni ile, nilipokwisha kumpigia simu binti yake na kuambiwa safari ilikuwa njema, nilijaza maji ya moto kwenye sinki kubwa ya kufulia, nikatia klorini, nikachukua brashi, nikaosha dalia moja baada ya nyingine hadi zikang'aa kama viazi vya sokoni. Zile alama za zambarau zilitoka. Nilizitazama zikishuka na maji kwenye tundu la sinki. Nilijiambia nitamwuliza mwenyewe mwezi wa tano, yeye atazijua kwa macho.

Halafu nikaona mavi ya panya nyuma ya tangi la maji moto. Punje nne.

Mtu aliyekulia kambini haachi chakula wazi. Mama alikuwa na mikebe miwili ya mafuta ya msaada, iliyokuwa na vifuniko vya kugonga kwa jiwe, na kila kilichokuwa chetu kililala humo: unga, maharage, mbegu, hata sabuni. Siku jirani yetu alipoacha mbegu zake ndani ya gunia, panya walizimaliza na kumng'ata mtoto kisigino. Kwa hiyo sikufikiri. Nilikwenda hotelini nikaomba jikoni ndoo tatu za plastiki za achari, zile zenye kifuniko cha kubana, nikazisugua, nikapanga humo dalia zikiwa bado na unyevu wa kuoshwa, nikafunga. Nilizipanga ukutani, nyeupe, safi, zinafanana. Nilisimama nikazitazama na nikajipongeza. Hata sasa nikikumbuka lile tabasamu langu, naona haya kuliko nikikumbuka ule ute.

Kila mwezi sikuzitazama. Nitazame nini? Zilikuwa zimefunikwa.

Januari ndiyo hiyo niliyoieleza. Mdogo wangu wa kike alisimama juu ya ngazi ameziba pua kwa kitambaa cha shingoni.

"Yaya, nini kimekufa huko?"

"Teremka unisaidie."

"Siteremki mimi. Ni nani huyo?" Alinijibu kwa Kiingereza, kama anavyonijibu siku zote, lakini neno yaya, yaani dada mkubwa kwetu, hajawahi kuliacha.

"Ni dalia za mwenye nyumba."

Alikitoa kitambaa puani. Halafu akasema, safari hii kwa Kiswahili, polepole, "Zote?"

Nilifungua ya pili. Nilifungua ya tatu. Nilimwaga yote kwenye plastiki sakafuni, nikapiga magoti na sketi yangu ya kanisani, nikapekua kwa mikono mitupu, kwa sababu glavu hazikunijulisha kigumu na laini. Kilichokuwa kigumu nje kilikuwa uji ndani. Nilikata kila kimoja kwa kisu cha jikoni, kisu ambacho nilikitupa baadaye. Nilitapika mara moja kwenye sinki, nikanawa, nikarudi. Katika ndoo zote tatu nilipata vipande saba vyenye nyama nyeupe. Vingine vilijaza mifuko minne ya taka, na watu wa taka hawakuja hadi Alhamisi.

Kati ya vile saba, nyekundu ilikuwepo au haikuwepo? Hakuna wa kuniambia. Alama nilikuwa nimezisafisha mimi mwenyewe, kwa bidii.

Nilivilaza vile saba ndani ya maranda, kwenye kreti wazi, na udongo wa dukani nikaunyunyiza juu kama anayeomba msamaha. Kila Jumapili nilivitazama. Kila Jumapili pia, baada ya hapo, mdogo wangu wa kiume alinipeleka Coon Rapids, kwa sababu bila gari huko hufiki. Yule mama hakuwa anatembea. Mguu ulikuwa umekataa. Alikuwa amekonda, chumba kinanuka supu na mkojo, na kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa kile kile.

"Zinaendeleaje?"

"Zimelala," nilisema.

Februari: "Zimelala." Machi: "Zimelala." Ulikuwa uongo wenye nguo za ukweli, na kila nikiutoa nilihisi ule utamu wa Januari mdomoni. Naye alifurahi. Aliwaambia wauguzi, wengi wao Wakenya, kwamba ana mtu nyumbani anayemtunzia. Muuguzi mmoja alinisimamisha kwenye korido akanitania, "Dada, huyu mzee anakusifu kushinda watoto wake. Umemlisha nini?" Nikacheka, na kicheko changu kilinichukiza.

Aprili vilibaki vitatu. Vinne vilikuwa vimejikunja kama masikio makavu. Hivyo vitatu vilitoa macho, vidoti vya waridi shingoni, na sikujua hata kimoja ni cha ua gani.

Ndipo mdogo wangu wa kiume alipoleta shauri lake. Tulikuwa tunakula.

"Yaya, Woodbury kuna duka la maua kubwa kama uwanja wa ndege. Nitaku-drive Jumamosi. Tutanunua nyekundu, tutapanda, bibi atafurahi."

"Nitakuwa nimemdanganya."

"Utakuwa umemfurahisha. Huyo macho yenyewe yamechoka. Nyekundu ni nyekundu."

"Na akijua?"

"Atajuaje? Wewe hujui kusema uongo, mwachie huyu." Akamwelekeza kijiko mdogo wetu wa kike.

"Mimi simo," akasema yule.

Nilikwenda. Nisiseme kwamba sikwenda. Nilisimama mbele ya rafu ndefu yenye pakiti za dalia, kila moja na picha, nyekundu inang'aa kama nyama kwenye kioo cha bucha. Nilichukua pakiti mkononi. Ndani mlikuwa na kiazi kimoja kidogo kibaya, kina udongo, kimelala kwenye maranda, na plastiki yake ilikuwa imetobolewa matundu pande zote. Hata kiwanda kilichokuwa kikiviuza kwa maelfu kilijua kwamba kiazi kinapumua. Nilisimama pale nikihesabu matundu, mdogo wangu akinivuta mkono, watu wakitupita na vigari vyao vilivyojaa maua ambayo Oktoba wangeyatupa kwenye pipa bila kuyatazama mara mbili. Niliirudisha pakiti. Sikuirudisha kwa sababu mimi ni mwema. Ile picha ilinitia kinyaa, na nilijiona nikimpelekea mgonjwa ua hilo na kungoja ashukuru.

Kesho yake nilimwambia yule mama. Nilimwambia yote, klorini, ndoo, vifuniko, kalamu ya zambarau kwenye tundu la sinki, na zile "zimelala" zote. Alikuwa kitandani ameinuliwa kwa mito.

Kwanza hakuelewa. Halafu akaniuliza, "Ulizipika?"

"Hapana, mama."

"Ungezipika. Angalau mngekula." Sauti yake ilikuwa tulivu. "Nilikwambia usizifunike."

"Uliniambia."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Kwa hiyo si kwamba hukujua. Uliona mimi ni mchafu."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimemwona mchafu, yeye na ulimi wake na minyoo yake, na nilikuwa nimeamua kumwonyesha jinsi kitu kinavyotunzwa.

"Mama yangu alizivusha miaka ya njaa," alisema. "Mimi nimezivusha na mume mgonjwa. Toka humu."

Nilitoka. Kwenye gari mdogo wangu alisema, "Si nilikwambia?"

Kanisani walisema mengi. Wengine walisema nilikuwa nataka kurithi nyumba na sasa Mungu amenionyesha. Mama mmoja aliniletea sombe ya majani ya muhogo, akakaa kwangu saa mbili, akala nusu ya hiyo sombe, akaniambia nisijitese kwa maua ya wazungu. Nilimsindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote na nilipofunga mlango nilitaka kunawa masikio.

Baada ya wiki mbili simu ililia nikiwa nakunja mashuka hotelini.

"Umezipanda?"

"Bado, mama."

"Unangoja nini? Udongo una joto?"

"Sijui."

"Weka kiganja. Kama unaweza kuhesabu hadi ishirini na usikitoe, panda. Jicho litazame juu. Usimwagilie mpaka lichomoze." Akakata simu. Hakusema kwaheri.

Nilipanda vile vitatu nyuma ya nyumba, mahali pa jua, kwa mikono mitupu.

Yaliyofuata kiangazi kile sitayapamba. Sungura alikata chipukizi la kwanza na likachomoza tena. Konokono walipita juu ya majani wakiacha njia zao zinazong'aa; niliwatoa mmoja mmoja, wanajikunja kwenye vidole kama ulimi. Julai wakaja mbawakawa, wa rangi ya shaba, wazuri kama vifungo vya koti, wanakula na kupandana na kunya kwa wakati mmoja juu ya jani moja. Yule mama aliniagiza kwa simu niweke maji ya sabuni kwenye bakuli niwadondoshe humo. Kila asubuhi kabla ya kazi nilikuwa nawadondosha. Wanachukua muda kufa, miguu inapiga makasia. Mdogo wangu wa kike aliona bakuli akasema, "Yaya, wewe sasa umekuwa mchawi."

Agosti shina la kwanza lilitoa ua. Nilikuwa nimeliombea, na ninasema hivyo bila aibu. Lilifunguka likiwa la njano chafu yenye ukahawia, rangi ya nepi ya mtoto anayeota meno. Nililikata hata hivyo, nikalipeleka Coon Rapids kwenye chupa ya maji. Mdudu mwenye koleo mkiani alitoka katikati ya petali akakimbia juu ya shuka la mgonjwa.

Yule mama alilitazama ua kwa muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya chenye makohozi, akashika mbavu.

"Hiyo! Hiyo ni ya shemeji yangu! Nimejaribu kuiua miaka ishirini. Niliipanda nyuma ya gereji nisiione."

"Nitaing'oa?"

"Thubutu. Imetushinda sisi sote."

La pili lilitoka wiki mbili baadaye, la waridi, la kawaida, hakulitazama zaidi ya mara moja. Akauliza, "Na la tatu?"

La tatu lilikuwa limedumaa. Mbawakawa walilipenda kuliko mengine. Septemba lilikuwa na tumba moja tu, dogo kama kitufe, la kijani, limefungwa kama ngumi. Kila nilipokwenda aliniuliza, na kila mara nikasema, "Tumba bado." Wakati huo ulikuwa ukweli, na niligundua kwamba ukweli nao unaweza kuchosha kusema. Binti yake alikuwa ameanza kuja na karatasi. Nyumba ingeuzwa majira ya kuchipua, alituambia kwa upole, na tulikuwa na muda wa kutafuta pengine. Kuhusu dalia aliniambia kwenye korido, kwa sauti ya chini, kwamba walikuwa wakitumaini Mama ataacha mambo hayo sasa. Alisema "mambo hayo" huku amekunja pua. Niliitambua ile pua. Ilikuwa yangu.

Utabiri ulitangaza jalidi siku ya Jumatano. Nililifunika shina la tatu kwa blanketi kabla ya giza, juu ya vijiti, lisiguse. Asubuhi yale mawili yalikuwa meusi, yananing'inia. Chini ya blanketi la tatu lilikuwa nusu jeusi, nusu zima, na tumba lilikuwa zima. Lisingefunguka tena. Hakukuwa na jua la kulifungua mwaka ule. Nililikata nikampelekea hivyo hivyo, siku hiyo hiyo, nikiwa na sare ya kazi.

Alilishika chini ya dirisha. Akaingiza ukucha wa dole gumba, akalimenya kama mtu anayemenya punje ya haragwe bichi, ganda moja, la pili, la tatu. Ndani petali zilikuwa changa, zimelowa, zimekunjwa. Pembeni mwake palikuwa na wekundu, au weusi, au jeraha la baridi.

"Nyekundu," alisema.

"Mimi naona kijani, mama."

"Tazama hapo kwenye ncha."

"Hapo pameungua."

"Hapajaungua. Una macho ya kuku wewe."

"Labda pia ni ya waridi."

"Ya waridi!" Alinitazama kama nimemtukana mama yake. Akanisogezea lile tumba karibu na pua. "Sema ni nini."

Nilitaka kusema nyekundu. Mzee amelala, anakuomba neno moja, na neno lenyewe huenda hata ni kweli. Nilinusa harufu ya ule utomvu, kali, ya kijani, na vidole vyake vilivyokuwa na ute.

"Sijui," nilisema.

Alilirudisha tumba juu ya shuka. Akajifuta vidole kwenye blanketi, polepole, kimoja kimoja.

"Basi utajua mwakani," alisema. "Popote mtakapohamia, tafuta penye jua. Na hilo la shemeji lichimbe pia."

Nilichimba Jumamosi, mvua ikinyesha. Lile shina la tatu lilikuwa limezaa: kutoka kiazi kimoja vilikuwa vitano. Nilivitikisa, udongo mwingine nikauacha ushike, nikaviteremsha besimenti. Kimoja kilikuwa kimeanza kulainika shingoni, na tone la ute lilikuwa limejitokeza kwenye ngozi. Nilikaa sakafuni nikakata kilichooza, nikakitupa, kisha nikakiinua kilichobaki hadi puani nikanusa kwa muda mrefu, nikiutafuta ule utamu.